Kahawa kwa Jina la Shangazi

Nyabiyonza, Karagwe,
13 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Elpidius,

Pokea salamu za dada yako. U hali gani huko Dodoma, na Sperancia mkeo anaendeleaje na ule mguu? Sisi ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila anadai chai ya sukari aliyokatazwa na daktari, na akinyimwa ananuna kama bi harusi. Jua ni kali na kahawa inakauka.

Barua hii nampa Rwezaura, kondakta wa basi, kwa kuwa mambo yaliyomo hayasemeki simuni katika nyumba isiyo na dari. Elpidius, naogopa.

Ile programu mliyotuletea kwenye chama chetu cha ushirika wa kahawa imefanya kazi kuliko ulivyoahidi. Zamani hesabu za ghala zilikuwa za mhasibu na mkaguzi. Sisi wengine tulisomewa mkutanoni tukapigia makofi tusichokielewa. Sasa mwenyekiti, Mzee Kashaija, ambaye hata ujumbe wa simu husomewa na mkewe, anaiuliza kwa mdomo, kwa Kiswahili chake chenye Kinyambo tele, nayo inamjibu na kumchorea picha. Nami nilijivuna, nikamwambia kila mtu kuwa ni kazi ya mdogo wangu.

Jumapili baada ya misa wanaume walikusanyika ghalani. Mzee akaiuliza nani ameleta kahawa nyingi msimu huu. Picha ikaja: majina chini, na juu ya kila jina nguzo kulingana na kilo zake. Nguzo ya shangazi Avelina ilizipita zote, hata ya Byabato mwenye shamba la kutoka barabarani hadi mtoni.

Kibanja cha shangazi unakijua. Mibuni yake unaimaliza kuizunguka uji haujapoa. Kwanza walicheka. Kisha Byabato akasema kahawa yake inaibwa kwenye turubai tangu Juni, na sasa ameona inakokwenda. Kicheko kikakatika. Unamkumbuka yule kijana aliyekamatwa na gunia la watu kule Bugomora? Tulimzika bila kufungua jeneza.

Sasa nikuambie usilolijua, kwa kuwa u mwanamume na uliondoka nyumbani mapema. Huku kahawa ni ya baba. Mke atapalilia, atachuma, ataanika, lakini mbele ya mizani na malipo anasimama mume. Basi sisi tunaokota zile zinazodondoka chini ya mibuni, tunazianika nyuma ya jiko, na kuzipeleka ghalani kwa jina la shangazi, maana mjane hana wa kumhoji. Karani wa mizani ni mimi, kwa hiyo ninayeandika ni mimi. Ile nguzo ni ya wanawake wa kitongoji kizima, na kahawa yangu imo. Ndiyo sare za watoto, ndiyo dawa za mama.

Mashine yenu haikudanganya. Iliulizwa nani, ikataja jina lililoandikwa. Lakini kama mzee angekuwa bado hajui kuiuliza, shangazi angekuwa analala. Nakulaumu, halafu najiona mjinga kukulaumu.

Jumamosi kuna mkutano, na Byabato anataka shangazi asimame ajieleze. Jana mchana kweupe mtu alirusha jiwe kwenye bati lake. Nilimkimbilia, nikamsihi awataje wanawake ili apone. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua kichwa. Akaniambia, "Waitu mwanangu, mimi sina mume wa kunipiga. Nyie mna nyumba za kurudi. Waache waniite mwizi." Nikalia pale pale. Akanipa kisu nimsaidie kumenya.

Nilitaka nikuombe uizime hiyo programu kutoka huko huko. Nikafikiri tena: ikizimika, Byabato atasema tumefuta ushahidi, na hapo shangazi kwisha habari yake. Usiiguse. Ila mpigie Mzee Kashaija, anakuheshimu mno. Mwambie picha ile inahesabu majina, haihesabu mibuni, na jina moja laweza kubeba mizigo ya wengi. Mwambie pia amwite mtendaji wa kata na polisi wawepo kabla mkutano haujaanza. Fanya hivyo barua hii ikiwa bado mkononi.

Nimezungumza na wenzangu, kila mmoja anatazama chini. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami maisha yangu yote nimependa kicheko. Lakini Jumamosi nitasimama kabla ya shangazi, niitaje kahawa yangu tu, na nisimtaje mwanamke mwingine. Novatus mume wangu atakuwa amekaa mstari wa mbele. Hajui lolote. Unazijua hasira zake, na unajua alichomfanyia mbuzi wa jirani kwa kosa la kula majani ya maharage.

Mama anawasalimu sana, na shangazi anamwombea Sperancia apone mguu. Mungu awafunike wewe na nyumba yako, na asitusahau sisi wa huku.

Jumapili nipigie simu. Akipokea Novatus, akakwambia nimelala au nimekwenda kisimani, usikate. Mwambie utasubiri, na usubiri mpaka uisikie sauti yangu mwenyewe.

Dada yako akupendaye,
Deodatha