Kikohozi cha Banda Dogo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na wifi na watoto, na huko ghalani mwendelee kuvaa barakoa hata msimamizi akigeuza mgongo. Mimi nipo, nakula, nasimama. Kwenye simu nilikwambia mama amelazwa, nikakata haraka. Sikukueleza yote. Naogopa, kaka.

Unajua tangu hoteli na shule zifungwe hatuna mnunuzi. Kuku nao hawakuambiwa, wanataga tu. Trei za mayai zimejaa hadi chumbani kwako, zimelala kitandani kama mgeni wa heshima. Chakula cha kuku kilikuwa kinaishia, na muuza pumba alishaapa hakopeshi tena hata mkwewe. Kwa hiyo tuliposikia serikali itawapa wafugaji ruzuku ya kuvuka kipindi hiki cha ugonjwa, mama alipiga vigelegele peke yake uani. Sharti moja tu ndilo lilinitisha: lazima afisa mifugo aje akague, na nyumba yenye mtu anayekohoa anairuka. Atarudi lini, hakuna ajuaye.

Siku hizo mama alikuwa na homa. Alisema ni uchovu, nami nikapenda kumwamini.

Afisa alikuja amefunga mifuko ya plastiki juu ya viatu, akipulizia dawa kila kitu, hata kalamu yake. Aliwahesabu kuku, akawasifu, nikaanza kupumua. Tulipofika karibu na banda dogo la kulelea vifaranga, kikasikika kikohozi kikavu, kirefu. Akasimama, akauliza kuna nani mle. Nikamjibu kwamba ni kuku niliowatenga, wana mafua. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Akasema ruzuku tutapata, ila mafua ya kuku hayana mzaha, yanaweza kufagia mabanda ya majirani wote, kwa hiyo atarudi na daktari wa mifugo, na kuku wote watateketezwa.

Kaka, hapakuwa na kuku mle ndani. Alikuwa mama. Nilimlaza mwenyewe juu ya maranda, nikamfunika blanketi, nikamsihi ajizuie. Na afisa alipoondoka sikumrudisha chumbani. Niliogopa akisikika na jirani, uongo wangu utajulikana na ruzuku itafutwa. Nilimpelekea uji mlangoni, nikijidanganya kwamba anapata nafuu.

Kisha afisa na daktari wakaja na mapipa, wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani. Daktari akaamuru kuku wakamatwe. Ndipo mlango wa banda dogo ukafunguliwa kwa ndani. Mama akatoka akijishikiza ukutani, maranda yamejaa kichwani, akawaambia wawaache kuku wake, anayekohoa ni yeye. Alisema maneno hayo machache akipumzika katikati. Hata pale hakunitaja, kaka. Alisema alijificha mwenyewe.

Gari la wagonjwa likamchukua. Kuku wamebaki. Hospitali hawaruhusu mtu kumwona. Walisema wakiwa na habari yoyote watapiga simu yake, ambayo aliniachia. Naibeba hadi chooni. Asubuhi hii ilitetemeka mezani, nikakaa sakafuni. Nilipopata ujasiri wa kuisoma, ulikuwa ujumbe wa ruzuku. Fedha zimeingia, kwa jina la mama, na pongezi juu.

Bado sijanunua hata gunia moja la chakula. Kuku wanapiga kelele, nami nashindwa kuzigusa fedha hizo.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Hasira zako nitazipokea, ziandike zote. Ila nakuomba, ukitaka kunisema kwa simu, piga namba yangu. Ya mama usiipige kabisa, maana ikilia sasa, ni wao.

Mdogo wako,
Kifaranga