Barua ya Ijumaa kwa Watu Ishirini na Watatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa kituo cha polisi Ifakara, Jumatatu tarehe 19 Aprili 1999, kuanzia saa 3:15 asubuhi.

Jina: Eustaki Valentino Lipangile
Umri: Miaka 47
Kabila: Mpogoro
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Muuza mchele
Makazi: Kibaoni, Ifakara

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa.

Afande Margareta ameniagiza nianze na barua yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha hapa. Nakala ipo mezani. Niliiandika Ijumaa tarehe 16 Aprili na inaanza hivi:

“Kwa heshima na taadhima, wana-Bonde wote mlioko Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mnatangaziwa kwamba baiskeli ya katekista Hermenegildi imefungwa kengele mpya. Kengele hiyo imeshalia mara mbili. Mara ya kwanza ilimtisha bata. Mara ya pili ilimtisha katekista mwenyewe. Msiwe na hofu, wote wawili wanaendelea vizuri.”

Hapo afande alicheka kidogo, halafu akaacha. Naomba iandikwe kwamba habari ya kengele ni ya kweli.

Mnamo mwezi wa nane mwaka jana, ofisi moja ya mradi wa visima hapa mjini ilipata kompyuta inayopeleka barua kwa njia ya simu. Vijana wanaziita imeili. Karani wa ofisi hiyo, Bi. Levina, huniruhusu kuitumia kila Ijumaa saa 9 alasiri, wenyewe wakishamaliza kazi zao. Nilikusanya anwani za watu ishirini na watatu, wote wazaliwa wa bonde hili wanaofanya kazi kwenye ofisi zenye kompyuta. Barua zangu za kwanza zilikuwa na bei ya mchele na siku ya kusafirisha, si zaidi. Walijibu wawili. Mmoja wao aliniomba nisimwandikie tena.

Yule wa pili alikuwa Bi. Oliva, mpiga chapa wa ofisi moja Dar es Salaam. Nilimuuliza kasoro yangu ni nini. Alijibu: “Kaka Eustaki, mchele hata huku upo. Mama yangu ndiye hayupo. Ukipita Idete niambie anaendeleaje.”

Nikapita. Mama yake, Bi. Scolastica, ni mjane wa miaka kama sabini, na anaishi na Dionisi, mtoto wa kaka yake, aliyekuja kutoka Mahenge mwaka juzi. Nilimwandikia Oliva mama amevaa nini, anapika nini na amenitania nini. Alijibu siku hiyohiyo, akaagiza mchele wake na wa jirani yake. Tangu hapo nikawa na daftari lenye jina la kila mtu, la mzazi wake na la kijiji. Jumatatu mpaka Alhamisi nilizunguka na baiskeli, Ijumaa niliandika. Juu ilikaa barua ya wote, chini kila mtu na mistari yake. Wakaanza kuniita kaka, wengine baba mdogo. Mimi niliyeishia darasa la saba, ninayepiga chapa kwa kidole kimoja, nikawa mtu wa kusubiriwa Ijumaa kwenye maofisi ya Dar es Salaam. Sifa zilinipanda kichwani. Mke wangu, Bi. Digna, aliniambia, “Baba Gasper, siku hizi hata ukiomba chumvi unaanza na kwa heshima na taadhima.”

Jumatatu tarehe 12 Aprili Oliva aliniandikia. Bi. Levina aliichapa barua yake akanipa mkononi. Alisema amesikia mvua ni kubwa, hana raha, akauliza kama aombe ruhusa aje kumwona mama.

Nilimjibu Ijumaa tarehe 16. Mistari yake ipo mwisho wa nakala hii, na inasema: “Dada Oliva, Jumatano nilifika Idete. Mama hajambo kabisa. Nilimkuta nyumbani anachambua mboga, akanipa chai isiyo na sukari, akasema sukari ni ya wagonjwa. Tulia na kazi yako, hakuna haja ya kuja.”

Yaliyofuata nimeyajua kupitia kwa Oliva mwenyewe. Ijumaa hiyohiyo jioni Dionisi alitoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji kwamba shangazi yake haonekani. Alisema Jumapili tarehe 11 shangazi aliondoka nyumbani peke yake kwenda shambani, ng'ambo ya maji, kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Msimu huu wazee wengi wa Idete huhamia huko mpaka mpunga uvunwe, wanalala juu ya dungu, kile kichanja cha miti mirefu. Dionisi alibaki kukandika ukuta uliobomolewa na mvua, wakakubaliana ampelekee unga Jumatano. Jumatatu maji yakajaa. Alipata mtumbwi Alhamisi, akafika, akakuta dungu tupu.

Jumamosi asubuhi mgambo walitoka na mitumbwi kumtafuta mashambani. Mtendaji akampigia simu Oliva. Oliva akamwambia huo ni uongo, kwa sababu Jumatano mama alikuwa nyumbani, kuna mtu amekunywa naye chai, na barua anayo. Alisafiri na barua hiyo, akaikabidhi hapa jana Jumapili tarehe 18, mchana.

Simlaumu mtu. Mwenye barua hii mkononi lazima amwone Dionisi ni mwongo. Mitumbwi ikarudishwa. Dionisi akawekwa ndani. Watu wakaanza kufukua nyuma ya nyumba, pale alipochimba udongo wa kukandikia, na kupima kisima kwa miti.

Jana saa 11 jioni Oliva alikuja kwangu Kibaoni. Hatukuwahi kuonana ana kwa ana. Alinisalimia “shikamoo” akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya mke wangu.

Alisema, “Kaka, wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona, Jumatano ile. Alikuwaje?”

Nikasema alikuwa mzima.

Akasema, “Alinitaja?”

Nikasema alikutaja.

Alilia, akanishukuru, akaenda. Alipotoka, Digna hakunitania. Aliniuliza, “Jumatano ipi hiyo? Jumatano ulikuwa hapa unaziba pancha, ukashindwa, ukalala.” Nikamwambia anyamaze. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sijawahi kumwambia anyamaze.

Leo saa 1 asubuhi muuza maandazi mmoja amesema barabarani kwamba Dionisi amemuua shangazi yake ili arithi shamba. Amesema, “Si kuna mzee wa Kibaoni aliyemwona Jumatano?” Hakujua anayemuuzia ni huyo mzee. Nimeacha maandazi nikaja.

Sasa naeleza ilivyokuwa.

Jumatano tarehe 14 sikufika Idete. Mvua ilinyesha mpaka saa 4, tairi la nyuma lilikuwa na pancha, na mgongo uliniuma kiasi, si sana. Ningetaka kwenda ningekwenda. Kwenda Idete kwa baiskeli ni zaidi ya saa mbili na nusu. Niliona mama yule hana siku hata moja aliyokuwa mgonjwa, kwa hiyo wiki hii atakuwa kama wiki zote. Nikalala mpaka saa 10.

Ijumaa Bi. Levina alinipa dakika ishirini, simu zilikuwa zinakatika. Alisema, “Mzee Eustaki, harakisha, laini ikikatika mimi simo.” Nilikuwa na mistari ya watu tisa wa kujibiwa. Nilipofika kwa Oliva sikuwa na kitu, na kumwandikia sikufika niliona aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nikaandika niliyoandika. Chai ile niliinywa mwezi wa tatu. Maneno ya sukari ni ya mama mwenyewe, lakini ni ya mwezi wa tatu.

Afande ameniuliza kama ni mara ya kwanza. Hapana. Ijumaa ile niliandika habari za wazazi tisa. Niliowaona kwa macho yangu ni wanne. Majina ya watano waliobaki nimeyatoa, yameandikwa kwenye karatasi ya pili.

Lipo jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nitembee haraka.

Siku ile ya mwezi wa tatu, tarehe 10, nilipokunywa chai kwa kweli, Bi. Scolastica alinitania kwanza. Alisema, “Wewe mwanangu unakuja kuniangalia mimi, au kuangalia kama bado nina mtoto wa kununua mchele? Haya, andika nimenenepa.” Nikacheka. Halafu akaniambia kwamba mwaka huu anaogopa maji. Akasema yakimkuta shambani hatajaribu kuvuka kurudi, atapanda kwenye dungu la zamani la marehemu mume wake, kwenye mwinuko upande wa machweo, penye miti miwili mirefu ya mivumo iliyosimama pamoja. Shamba la huko waliliacha miaka mitano iliyopita. Nilimuuliza kama Dionisi anapajua. Akasema Dionisi hapajui, alikuja baadaye, na yeye hapendi kumpeleka kwa sababu pana majonzi.

Hilo sikumwandikia Oliva. Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote niliyoambiwa siku hiyo, na nililiacha kwa makusudi, kwa sababu binti akiingiwa na wasiwasi hujibu kwa maswali, haagizi mchele. Nikaandika amenenepa.

Kwa hiyo naomba ieleweke hivi. Sijui Bi. Scolastica yuko wapi leo. Sikumwona Jumatano, wala siku yoyote ya mwezi huu. Dionisi alichosema kuhusu Jumapili sina neno la kukipinga, na aliyekipinga ni mimi peke yangu, nikiwa kwenye kiti cha ofisi ya visima, kwa kidole kimoja. Naomba mitumbwi irudi. Upande wa machweo, mivumo miwili.

Niliyoyaeleza hapa yamesomwa mbele yangu kwa sauti, nami sina la kupunguza. La kuongeza ni kwamba nilimdanganya Oliva mara mbili, na ile ya pili nilikuwa namtazama.

Sahihi: E. V. Lipangile

MAELEZO YA ASKARI: Mimi Sajenti Margareta nathibitisha kwamba nimeyachukua maelezo haya, nikamsomea shahidi naye akatia sahihi kwa hiari yake saa 4:40 asubuhi. Dionisi ametolewa mahabusu saa 5:00 na kuondoka na askari wawili na mgambo watatu kwenda Idete. Shahidi ameomba kufuatana nao. Ameruhusiwa.

NYONGEZA, tarehe 19 Aprili, saa 2:30 usiku: Bi. Scolastica amekutwa saa 10:20 jioni kwenye dungu la zamani, upande wa machweo. Amevunjika nyonga. Yu hai, hajaweza kusema. Dionisi ndiye aliyembeba mpaka kwenye mtumbwi. Amefikishwa hospitali saa 1:50 usiku. Shahidi ameniomba nimwachie yeye ampelekee binti habari hiyo. Nimekataa. Nimekwenda kumwambia mwenyewe.