Kompyuta Arobaini Bila Kinga

Jumanne usiku

Mchana niliiamuru seva iondoe antivirusi ya zamani kwenye kompyuta zote arobaini za ofisi, kisha iweke mpya saa moja jioni, watu wakishaondoka.

Saa mbili nikakutana dukani na Mama Komba, mhudumu wetu wa ofisini. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Nimechomoa kila kitu ukutani mlipoondoka tu, radi ya leo si ya mchezo."

Hufanya hivyo kila msimu wa mvua, nami nilisahau. Nikamjibu, asante Mama.

Kurudi kuzichomeka siwezi, radi bado inapiga. Kesho karani wa masjala atakuja na flashi yake, ile anayokwenda nayo stendi kuchapishia. Ina virusi, najua.

Nitawahi niweke ile mpya kabla hajaichomeka. Lakini Mama Komba huwahi zaidi, huziwasha zote mwenyewe ili tukute ziko tayari.