Njahi kwenye Risiti

Al-Mahjar, Jeddah
9 Oktoba 2021

Mama mpendwa,

Nisamehe. Tangu Pasaka sijakuandikia, na zile simu za dakika mbili si salamu, ni kuulizana tu kama tuko hai. Natumai magoti yamepoa na ng'ombe amezaa salama. Sisi tunapumua. Victor ametimiza miaka minne. Nikimwambia ale ananijibu halas, eti ameshamaliza, na sahani hata hajaigusa.

Solomon bado yuko Riyadh, ambako kampuni ilimhamishia Februari mwaka jana kutengeneza mashine za hospitali. Sisi tulibaki huku kwa kuwa nyumba ni nafuu. Lakini tangu kodi ya bidhaa ipande mwaka jana, ukiingia dukani unatoka na mfuko wa kuning'inia kidole kimoja.

Jirani yangu Achieng ndiye aliyenionyesha app fulani ya simu: unapiga picha risiti ya duka lolote, nayo inakurudishia senti kidogo kidogo mpaka zitoshe maziwa. Nikaanza kuokota hata risiti zilizotupwa na watu mlangoni, Achieng akinicheka kwamba nimekuwa karani wa takataka. App hiyo inaandikishwa kwa namba ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, na kwa kuwa mimi niko chini ya ikama ya Solomon, akaunti ni moja, simu mbili. Nikamfundisha kwamba karatasi yoyote yenye bei ni maziwa ya Victor. Unamjua mkweo kwa utii wa vitu vidogo. Alidhani mimi naona jumla tu. Hakujua kwamba ukiigusa ile jumla, kila risiti inafunguka.

Julai niliigusa. Risiti ya duka la Al-Malqa, huko Riyadh: nepi, zile ndogo kabisa. Nikajiambia labda kamnunulia mwenzake wa kazini. Wiki iliyofuata ikaja ya kaduka ka Al-Dirah kanakouza vitu vya kwetu: unga wa wimbi, na njahi kilo mbili. Mama, wewe ndiye uliyenipikia njahi nilipojifungua, ili maziwa yashuke. Mwanaume wa kwetu hanunui nepi na njahi bure. Nilikaa sakafuni mpaka Victor akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilimwuliza Solomon mwezi uliopita tu, bila kumwambia nimejuaje. Hakubisha. Alisema ni msichana wa Nyeri, Maryann, aliyekuwa mfanyakazi kwenye jumba moja Al-Malqa. Tumbo lilipoanza kuonekana alitoroka kabla madam hajajua, na sasa amejificha kwenye chumba na mtoto asiye na karatasi hata moja. Akaniomba nisikwambie. Nikamjibu kwamba mlango wangu asiubishe kwa sasa, na siri yake sitambebea.

Lakini nami nina la kutubu. Miezi miwili na zaidi nilijua nikanyamaza, kwa sababu kila risiti ya Riyadh ilileta chochote. Victor amekunywa maziwa yaliyotoka kwenye nepi za ndugu yake. Nilifika mahali pa kungoja Ijumaa nione wamenunua nini. Hilo ndilo lililonifunga mkono nisikuandikie.

Sirudi nyumbani bado. Shule moja ya chekechea inatafuta msaidizi, na nataka mwanangu ale jasho langu. Usimpigie Solomon, wala usimlaani. Hayo niachie mimi.

Wasalimie ndugu zangu Laban na Rispah, na umwambie Rispah asitangaze kanisani. Rafiki yangu Asumpta yuko likizo Thika, anarudi huku tarehe thelathini. Mpe haya tu:

Cheti changu cha kidato cha nne.
Cheti cha ualimu wa chekechea, kimo ndani ya Biblia yako kubwa.
Kadi ya chanjo ya Victor.
Njahi kilo tatu, uzichambue mawe. Hizo si zangu. Wiki mbili sasa risiti za Riyadh hazina njahi, ni maziwa ya kopo tu. Maziwa ya yule msichana yanakauka, na huku hana mama.

Mwanao,
Nyambura