Sista wa Malta Alivyomwita Mungu

Shikamoo Bibi,

Ulihofia nitampoteza Mungu huku milimani kwa Wakristo. Jana hapa Mlalo tulitoka kupalilia mahindi ya shamba la ujamaa, ukungu umetufunika, tukazunguka sinia la ugali na maharage. Sista wa Kikatoliki, mzaliwa wa Malta, akaomba kwa lugha ya kwao. Bibi, akasema "Alla"! Jina lile lile ulilonifundisha mkekani. Nikabaki na tonge mkononi. Nikamgeukia daktari wetu Mkurdi, Mwislamu kama sisi: "Kwa Kikurdi mnamwitaje?"

"Khwede," akajibu, akamega ugali.

Sijapata kulisikia popote! Niombee, Bibi, kwa jina lolote. Huku anaitwa kila namna, na mahindi yanastawi.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanaidi