Majina ya mpira na sufuria la shemeji

Jumapili, Julai 2018. Nje jua linachoma mpaka lami inanuka. Mimi ndani nimepoa.

Leo nimeshinda. Naandika kwanza, unyenyekevu baadaye.

Wiki tatu zilizopita, hapahapa Mansfield, Marekani, kwa dada, shemeji alitangaza kwamba Ulaya nzima wanasema "football", ila Wamarekani wameharibu na hiyo "soccer" yao. Shemeji ana digrii mbili. Mimi nasukuma viti vya magurudumu eapoti. Nilipobisha, akacheka: "Wewe utajulia wapi, profesa wa magurudumu?"

Tukawekeana dau: siku ya fainali ya Kombe la Dunia, atakayeshindwa anasugua sufuria la pilau, ukoko wote, mbele ya wageni. Dada ndiye refa.

Nakiri niliogopa. Katika nyumba hii huwa naongea wa mwisho, na nakatizwa.

Lakini abiria unayemsukuma kutoka geti hadi geti hana pa kukimbilia. Kila mzee wa Ulaya nikawa namuuliza kwao mpira unaitwaje, naandika kwenye kijidaftari.

Leo filimbi ya mwisho ilipolia, nikasimama nikasoma. Mhispania kalichukua neno la Mwingereza akalikunja, fútbol. Waliunda na la kwao, balompié, watu hawakulishobokea. Mjerumani katafsiri kipande kwa kipande, Fußball. Mpolandi, piłka nożna, mpira wa miguu, kama sisi. Mwitaliano hakuomba ruhusa kwa mtu: calcio, yaani teke.

"Na soccer?" akauliza shemeji. Hiyo ndiyo ilikuwa ngome yake.

"Nimepewa na bibi wa Kiingereza. Ni lao. Wanafunzi wao walilikata kutoka 'association'. Wamarekani walipokea mzigo tu."

"Hayo umeyatoa mtandaoni."

"Mtandao haujawahi kunipa bakshishi, shemeji."

Wageni wakaangua kicheko. Dada hata hakugeuka. "Baba Neema, sponji iko chini ya sinki."

Akasugua. Digrii zote mbili.

Neema, binti yao, akasimama pembeni na simu anarekodi: "Daddy, you missed a spot."

Halafu, mikono ikiwa kwenye povu, shemeji akauliza taratibu: "Na Wareno je, wanauitaje?"

Mreno sikuwa naye daftarini. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo.

Akasema sawa, atasubiri.

Atanisubiri. Mimi.

Hivi kesho ndege ya Lisbon inatua saa ngapi?