Bajirani ba Angani Sikubatafuta

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Bureau saa mbili. Chai ya maziwa. Kompyuta polepole kama kila siku. Kazi ya juma hili: kutafuta mu rejista ya dunia, ile kila inchi inaandikisha satelite zake na frekwansi zake. Parabole yetu kubwa, ile sahani ya kushika satelite, itasimama Luano, ipitishe mtandao ku satelite yetu mpaka ku maternité ya Kasenga, pale bamama banazalia. Kabla ya kurusha mawimbi, lazima tujue satelite gani za jirani tunaweza kusumbua, tuandikie benyewe, tupatane. Maman Kapinga, ingénieur wetu, muntu wa Kasai, wa diplome mbili, alitaka kunifasiria namna ya kutafuta. Nikamwambia, "Maman, parabole za mtaa wa Katuba nzima nilizifunga mimi. Nilifika Dubai mara mbili. Satelite zinaniitika kwa jina." Akacheka. Bote ba bureau bakacheka. Mimi kupita bote.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimemaliza kwa saa moja. Niliandika majina yote ya satelite ninayoyajua, yale bantu ba télé banaita. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Nikaandika ku fomu: hakuna jirani. Maman akauliza, "Papa Mwape, ulitafuta kwa digrii, pale kila satelite inakaa angani? Kushoto na kuume ya satelite yetu?" Nikasema ndiyo. Mbio mbio, kama muntu anafukuza inzi. Hata sikujua digrii zinaandikwa wapi. Akasaini.
Saa sita bukari na samaki. Nikabasimulia Dubai tena.

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Barua imetoka Kinshasa. Inchi moja inalalamika. Satelite yao iko kando kabisa ya yetu, frekwansi zile zile, na hatukubaandikia. Dosiye imesimama. Kasenga itangoja.
Saa ya mapumziko, bote balipotoka, nikafungua rejista. Digrii iko pale juu, mbele ya macho. Dakika tano, nimemupata jirani. Na ninamujua. Ni ile satelite nilielekezea parabole za Katuba, moja moja, kwa mikono hii. Mu rejista iko na jina lingine, herufi na namba, vile inchi yake ilimwandikisha. Jina la télé halimo.
Nikafunga. Sikumwambia muntu.

Ijumaa, tarehe 13 Juni
Patron, mukubwa wetu wa kazi, alimwita Maman mbele yetu bote. "Diplome mbili, Maman, na jirani wa ku mlango hukumuona?" Anajua nani alitafuta. Jina langu halikutoka mu kinywa chake. Patron akasema Jumatatu ataamua kama anabakia ku kazi.
Nikatupa mzaha juu ya chai, bacheke kidogo. Hakuna aliyecheka. Nina haya mpaka ku mifupa. Miaka kumi na mbili kinywa changu kinafanya kazi, leo njo kimekosa neno moja.

Jumapili, tarehe 15 Juni
Sikwenda kusali. Sikula. Muke wangu anauliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Uongo tena.

Jumatatu, tarehe 16 Juni
Nimesema. Mbele ya bote, kwa sababu yeye alitukanwa mbele ya bote. "Patron, Maman aliniuliza kama nilitafuta kwa digrii. Nilimudanganya. Shule niliachia mwaka wa nne, na niliona haya kuuliza." Mwanaume mukubwa vile.
Mimi nimetolewa ku kompyuta, narudia ku mapaa, kufunga parabole. Ni haki. Maman anabakia, lakini na barua ya onyo, kwa sababu sinyatire, ile saini ya ku fomu, ni yake. Ile barua inaniuma kupita adhabu yangu.

Jumanne, tarehe 17 Juni
Asubuhi nilikuwa nabeba ngazi. Maman akasogeza kiti. "Papa Mwape, kaa kwanza. Soma, niandike." Nikasoma. Kushoto yote, kisha kuume. Majina ya ajabu. Mara moja nikauliza, "Maman, hii mstari ni nini?" Akanifasiria. Nikauliza mara ya pili. Akanifasiria tena, bila kushusha pumzi.
Ku fomu kuna nafasi ya jina la aliyetafuta. Mwezi wa tatu niliiacha wazi. Akanipa bic. Nikaandika jina nzima, polepole, kama mutoto wa primaire.
Kisha nikamwambia na ile ya Dubai. Ilikuwa mara moja tu, na sikutokaka ku uwanja wa ndege.
Akasema, "Najua."
Tukaendelea na digrii.